Mashine ya Zege Kwenye Hema la Msiba

"Mashine haina namba," alisema Bwana Tweneboa, akairudisha picha upande wa pili wa meza kwa ncha ya kidole.

Boakyewaa aliitazama ile picha. Ilikuwa ya mashine ya kuchanganya zege, ya kukodi, yenye magurudumu mawili na tumbo la chuma lililoganda saruji. Aliipiga mwenyewe kwa simu yake, kwa sababu safari iliyopita aliambiwa ombi lisilo na picha ya chombo halisomwi. Safari ya kabla yake alidaiwa mchoro wa kiwanja. Safari ya kabla ya hiyo alidaiwa barua, na barua ilipofika ikaonekana imeandikwa kwa wino wa buluu.

"Bosi, hii ni mashine ya zege," alisema, kwa upole ambao akiba yake ilikuwa inakwisha. "Nani amewahi kuona mashine ya zege ina namba?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Haina namba kwa sababu haiendi popote. Inakaa mahali pamoja, inazunguka, basi."

"Sasa hapa niandike nini?" Bwana Tweneboa aliigeuza fomu ili naye aione. "Namba ya chombo. Unaona nafasi hiyo? Niiache wazi? Mkaguzi akija akakuta pengo, atamuuliza nani, mimi au wewe?"

"Andika haina."

"Dada yangu, kibali hakitolewi kwa chombo ambacho hakijulikani."

Bwana Tweneboa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Boakyewaa. Angekuwa mla rushwa, mambo yangekuwa mepesi: mtu angepeleka kuku, angelalamika njiani, na kibali angekipata. Huyu hakutaka kuku. Alitaka fomu ijae. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama, na katika Halmashauri nzima ya Odumkrom hakuna aliyewahi kumwona amechelewa kazini.

Na Boakyewaa hakuomba makubwa. Aliomba kipande cha ukingo wa barabara mbele ya nyumba yao, hatua kumi kwa nne, kwa siku tatu. Ukuta wa nyumba uliishia kwenye mtaro, na kutoka mtaroni kwenda mbele ni mali ya halmashauri. Uani hapakuwa na nafasi hata ya kugeuzia beleshi. Bila mashine kusimama pale nje, zege halichanganyiki, na bila zege hakuna ngazi.

Ngazi ya zamani ilikuwa ya mbao, na mvua za mwaka jana zilikuwa zimeimaliza. Mama yake, Nana Pokuaa, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa amebaki ghorofani. Kila siku ya kliniki waliitwa wapagazi wanne kutoka soko la viazi vikuu, wakamfunga kwenye kiti kwa kamba na kumshusha kupitia dirishani, huku wauza nyanya wa upande wa pili wakisimama kutazama. Mara ya mwisho mpagazi mmoja mwenye mdomo alipaza sauti, "Pisheni, mzigo unashuka!" Soko zima lilicheka. Nana naye alicheka, akapunga mkono kwa madaha. Lakini walipofika kliniki, Boakyewaa alimwona anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, na waliporudi nyumbani mama akasema hashuki tena kwenye kamba, hata iweje. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vimebaki vya wiki tatu, na daktari hakubali kumpa vingine bila kumpima.

"Bosi, mama yangu ni mgonjwa," alisema Boakyewaa.

"Pole sana. Nenda kwa mwenye mashine akupe namba ya kiwanda. Iwe imegongwa kwenye chuma, isiwe ya kuandikwa kwa rangi."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke amejifunga nguo nyekundu na nyeusi za msiba, ana kitambaa chekundu kichwani. Bwana Tweneboa, ambaye hakuwahi kumwinukia Boakyewaa hata siku moja, alisimama wima.

"Mama, pole. Pole sana. Kaa. Nani ametutoka?"

"Baba yetu mkubwa."

"Ooh. Siku zipi?"

"Ijumaa mpaka Jumapili. Barabara yote ya kwa mganga wa meno."

"Yote?"

"Marehemu alikuwa na watu."

Bwana Tweneboa alivuta karatasi moja kutoka chini ya meza. Moja tu. Akaandika jina, akaandika barabara, akagonga muhuri, akaikabidhi kwa mikono miwili. Hakuuliza picha ya hema, wala namba ya viti, wala spika zingekuwa na urefu gani. Yule mama alikuwa ameshatoka kabla Boakyewaa hajakunja mchoro wake wa kiwanja.

"Samahani, ulikuwa unasemaje?" alisema Bwana Tweneboa akikaa.

"Hakuna," alijibu Boakyewaa.

*

Alipofika nyumbani alipanda kwa ngazi ya kuegemeza ya mafundi, ile ambayo mtu mwenye magoti mazima tu ndiye huithubutu. Mjomba Agyenim alikuwa amefika kusalimia. Ndiye mdogo wake Nana na ndiye mkuu wa ukoo, mtu mnene mwenye kupenda heshima, na kwa vile alipanda ngazi ileile, alikuwa bado anahema.

Boakyewaa alisimulia. Aliposimulia habari ya wino wa buluu, Nana alitikisa kichwa. Aliposimulia habari ya namba, Nana alicheka hadi akakohoa. Lakini aliposimulia habari ya mwanamke wa nguo nyekundu, mama hakucheka. Aliacha kumenya karanga.

"Karatasi moja?" aliuliza.

"Moja, mama."

"Barabara nzima?"

"Nzima. Siku tatu."

Nana alipangusa maganda magotini. "Basi kesho vaa nyeusi uende."

"Niende wapi?"

"Hukohuko. Mwambie nimekufa."

Mjomba Agyenim alisimama kwa ghafla hadi kiti kikaanguka. "Dada! Meza maneno yako! Unajitamkia kifo, tena mbele yangu, mbele ya mtoto wako wa kumzaa? Mizimu haina masikio?"

"Kama ina masikio, imesikia nikiomba ngazi tangu mwaka jana. Kaa, Agyenim, usije ukaanguka, maana hapa huna pa kushukia."

"Sikai! Hilo ni chukizo."

"Haya, simama, lakini nijibu jambo moja. Mwaka jana nilipokuomba ngazi, ukasemaje?"

"Nilisema mfuko wa ukoo hauna kitu. Ni kweli."

"Na leo nikifa, mtanizika lini?"

Mjomba alikohoa. "Maswali gani haya?"

"Nijibu."

"Ni… ni jambo la kupangwa. Miezi miwili. Mitatu."

"Na mtaleta waombolezaji kwenye nyumba hii isiyo na ngazi? Watu wa Kumasi, watoto wa marehemu dada yetu kutoka Ujerumani, wapande huo mti wa mafundi wakiwa na viatu vyao virefu?"

"Haiwezekani. Ngazi itajengwa. Na ukuta wa mbele utapakwa rangi, na vile vigae vya…" Mjomba alikatika katikati ya sentensi. Alikuwa amekwishasema.

"Vigae," alirudia Nana kwa upole. "Kwa hiyo na vigae vimo."

Ilibidi aseme yote. Mfuko wa kawaida ulikuwa mtupu kweli, lakini kulikuwa na mfuko mwingine, ulioanzishwa kimyakimya miaka sita nyuma, ambao kila mtu mzima wa ukoo alitoa sidi hamsini kila mwezi. Uliitwa mfuko wa shughuli ya Nana. Ulikuwa na pesa za ng'ombe wawili, bendi, fulana zenye picha yake, na kukarabati nyumba mbele na nyuma. Boakyewaa alijikuta anatazama sakafu, maana naye alikuwa anautoa mchango huo mwezi hadi mwezi, na hakuwahi kumwambia mama yake.

"Na wewe?" Nana alimuuliza.

"Na mimi, mama. Nisamehe."

Aliona aibu kubwa. Alikuwa amepanga kwa miaka sita jinsi watakavyomheshimu mama yake, na katika mwaka mzima uliopita hakufikiria hata mara moja kwamba pesa ya ngazi ipo.

Nana hakukasirika. Aliokota karanga akatafuna polepole. "Mnanipenda," alisema. "Naona. Sasa mnipende wiki hii, nikiwa nimo. Ng'ombe wabaki na uhai wao. Mimi nataka saruji, kokoto na nondo. Na wewe Agyenim, lete hema."

*

Asubuhi iliyofuata Boakyewaa alivaa nyeusi. Njiani aliapa moyoni kwamba hatasema neno kifo. Atasema tu shughuli ya familia, siku tatu, na Mungu ataelewa.

Bwana Tweneboa alipomwona mlangoni kwa vazi lile, kalamu ilimtoka mkononi. Alisimama, akazunguka meza, akaja mpaka pale alipo.

"Dada yangu. Usiniambie ni mama."

Boakyewaa alifungua mdomo aseme shughuli ya familia, na badala yake akaangua kilio. Hakikuwa cha kuigiza. Alilia safari tano, alilia wino wa buluu, alilia mama yake kwenye kamba na soko linacheka. Karani wa chumba cha pili alileta maji. Bwana Tweneboa alimshika bega.

"Jana tu uliniambia anaumwa," alisema, na sauti yake ilikuwa na hatia ndani yake. "Jana tu. Na mimi nakuuliza namba."

"Ni siku tatu tu, bosi," alisema Boakyewaa katika kwikwi. "Mbele ya nyumba."

"Chukua barabara yote."

"Sihitaji yote."

"Chukua!" Aligonga muhuri mara mbili, pasipohitajika mara ya pili. "Na sisi ofisi tutakuja Jumamosi. Nitauleta ujumbe mimi mwenyewe."

"Usijisumbue, bosi. Kweli. Msijisumbue hata kidogo."

"Ni wajibu," alisema Bwana Tweneboa.

*

Ijumaa saa kumi na mbili alfajiri hema lilisimama. Mjomba Agyenim, ambaye alikuwa amelaani jambo lile mchana kutwa, ndiye aliyechagua hema, na hakuweza kujizuia: lilikuwa jekundu na jeusi, lenye pindo, la watu mia mbili. Chini yake viti vilipangwa kwa safu kama inavyotakiwa. Na katikati, palipopaswa kukaa jeneza, palikaa mashine ya zege.

Fundi Kwaakye aliitazama kwa mashaka. "Dada Boakyewaa, hii ikianza kunguruma mtaa mzima utajua."

"Ndiyo maana kuna spika," alisema Mjomba.

Spika zilifunguliwa, magitaa ya zamani yakalia kwa nguvu, mashine ikawashwa chini yake, na kusema kweli vilipatana. Vibarua walipitisha karai mkono kwa mkono kutoka hemani hadi ukutani, ambako mbao za kufungia ngazi zilikuwa zimeshapigwa misumari. Kufikia adhuhuri vidato saba vya chini vilikuwa vimemwagwa. Nana alikaa dirishani ghorofani, amevaa nyeupe, akitoa amri.

Tatizo lilikuwa watu. Katika Odumkrom, ukisimamisha hema la aina ile, hualiki mtu, anayepita anaingia. Wa kwanza walikuwa wanawake wa kanisa, ambao waliingia wanaimba na kuanza kusalimia mstari kuanzia kulia, kiti kwa kiti, mpaka walipofika kwa kibarua aliyeshika beleshi wakampa naye mkono wa pole. Kiongozi wao alipoinua macho amtafute mfiwa mkubwa, akamwona Nana Pokuaa amekaa dirishani. Alipiga yowe, akakaa chini.

"Usipige kelele, Adwubi," alisema Nana kutoka juu. "Keti kwenye kiti, kuna maji baridi. Najenga ngazi."

Habari ilienda mbio. Lakini kwa kuwa viti vilikuwepo, na muziki upo, na Boakyewaa alikuwa amepika wali na maharage ya vibarua kumi, akaongeza ya watu kumi wengine, hakuna aliyerudi nyumbani. Wauza nyanya walivuka barabara, wakakaa safu ya mbele. Kila kidato kipya kilipojazwa walipiga makofi.

Jumamosi saa nne, vidato vya juu vikiwa vimebaki vitatu, gari la halmashauri lilisimama mwishoni mwa hema. Wakashuka wanaume wanne wenye nguo nyeusi, mbele yao Bwana Tweneboa, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Spika zilinyamaza. Fundi Kwaakye, kwa hofu, alizima mashine, jambo ambalo lilikuwa kosa, kwa sababu sasa ilionekana vizuri zaidi.

Bwana Tweneboa alisalimia safu nzima kwa mkono, kama desturi ilivyo. Hakuruka mtu. Alipofika kwenye mashine alisimama, akaizunguka upande mmoja, kisha upande wa pili. Bila shaka alikuwa anatafuta namba.

"Dada yangu," alimwambia Boakyewaa polepole. "Marehemu yuko wapi?"

Boakyewaa alitamani mtaro ummeze. Akainua kidole kuelekea juu, na Bwana Tweneboa, akidhani anaonyeshwa mbinguni, akainamisha kichwa.

"Niko huku!" Nana aliita dirishani. "Inua uso, mwanangu, mbona unatazama viatu?"

Umati ulipasuka kwa kicheko. Masikio ya Bwana Tweneboa yalibadilika rangi. Wenzake watatu walirudi nyuma hatua moja, wakimwachia jambo lake.

"Mama, hili ni kosa," alisema hatimaye, akijaribu kuirudisha sauti yake ya ofisini. "Umepata kibali cha msiba. Hapa hakuna msiba. Mashine hii iondoke sasa hivi, na mimi nakifuta kibali."

"Kifute," alisema Nana. "Utaandika sababu gani?"

Bwana Tweneboa alitoa kalamu. Akaitazama bahasha, akaitazama mashine. Ilikuwa wazi kwamba anaipitia fomu ile kichwani mwake, mstari kwa mstari, akitafuta mahali pa kuandika kwamba marehemu amekataa. Mtu wa nyuma, aliyekwishasikia habari za fomu, alisema, "Mwandikie hana namba!" na kicheko kikaanza upya.

"Acheni!" Nana aliwakemea. "Msimcheke. Alikuja kunizika, na wengine wenu hamkuleta hata bahasha." Kisha akainama zaidi dirishani, na sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Hapana, Nana. Alifariki mwaka juzi."

"Pole. Mlimzikia nyumbani kwake?"

"Kwake, ndiyo."

"Mliikarabati nyumba?"

"Sana. Tulipaka rangi. Tuliweka umeme mpya." Alisita. "Tuliweka choo cha ndani."

"Alikuwa anakwenda cha nje?"

Boakyewaa, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, alimwona anaishusha kalamu, na ile hasira aliyoibeba safari tano ikamtoka. Mtu yule alikuwa amesimama mbele ya mji mzima akifikiria choo.

"Mpaka siku ya mwisho," alisema Bwana Tweneboa.

Akaiweka bahasha juu ya kiti. Akasogea ukutani, akachuchumaa kwa suruali yake ya pasi mbele ya vidato vilivyomwagwa jana, akakipima kimoja kwa kalamu. Akapima cha pili. Kisha akasimama na kumgeukia fundi.

"Hivi ni virefu mno."

"Ni kipimo cha kawaida, bosi," alisema Fundi Kwaakye.

"Kawaida ya nani? Wewe una miaka mingapi? Mtu wa themanini hainui goti namna hiyo. Hivi vitatu vilivyobaki vigawe viwe vinne. Na hivi vya chini utaviwekea vidato vya nusu katikati. Na chuma cha kushikia kiko wapi?"

"Hakikuwa kwenye hesabu."

"Sasa kimo," alisema Bwana Tweneboa, na akaichukua ile bahasha ya rambirambi kitini, akampa fundi. "Washa mashine. Kibali kinakwisha kesho saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na mbili na dakika moja sitaki kuiona hapa."

*

Zege liliachwa likauke kwa siku kumi na mbili, likimwagiwa maji asubuhi na jioni, na Nana akiwafukuza kuku kwa fimbo kutoka dirishani. Siku ya kumi na tatu ilikuwa Alhamisi ya kliniki.

Boakyewaa alisimama kidato cha chini mikono ameinyoosha. Mjomba Agyenim alisimama katikati, naye mikono ameinyoosha, ingawa Nana angemwangukia wangefika chini wote wawili.

"Ondokeni," alisema Nana. "Mmenizibia njia."

"Mama, nikushike mkono tu."

"Boakyewaa, nimesema ondoka."

Wakaondoka. Nana alikamata chuma, akashusha mguu wa kulia, akaupeleka wa kushoto pale pale, akapumzika. Akashuka cha pili. Upande wa pili wa barabara wauza nyanya waliacha kupima nyanya, na mteja mmoja aliyelalamika aliambiwa asubiri. Ilimchukua muda mrefu. Katikati alisimama sana hadi Boakyewaa akaanza kupanda, na mama akamtupia jicho moja tu, akashuka tena mwenyewe. Kisha unyayo wake ukatua kwenye ukingo wa barabara, hatua kumi kwa nne za mali ya halmashauri, na Nana Pokuaa akasimama pale kwa miguu yake miwili, anatoka jasho.

"Teksi inangoja, mama," alisema Boakyewaa. Alikuwa analia wala hakujali. "Twende, tutachelewa kliniki."

"Iache ingoje," alisema Nana. Alinyoosha mgongo, akaweka kitambaa chake sawa. "Nimekaa maiti siku tatu mbele ya watu hawa. Acha kwanza wanione nimesimama."